Daftari la Kompyuta Likikataa Kuandikwa

Wanachama waliokuja ofisini mwanzoni mwa msimu huu walikutana na jambo lililowaudhi, nao wana haki ya kuelezwa sababu yake. Kwa siku mbili dirisha la mfuko wa kuchumia lilikuwa wazi, makarani wapo na fedha zipo, lakini watu walirudishwa majumbani wakaambiwa waje tena. Jibu walilopewa lilikuwa fupi: "Daftari limekataa." Mzee mmoja aliuliza, na kwa kweli aliuliza vizuri, tangu lini daftari likawa na ulimi wa kukataa.

Basi tumeona vema kueleza hapa yaliyotokea bila kuficha, kisha tuwaonyeshe makarani wa matawi namna ya kutafuta ugonjwa wa daftari la kompyuta linapokuwa lasomeka lakini haliandikiki. Wasio makarani nao wasome, maana fedha zinazoandikwa humo ni zao.

YALIYOTUPATA

Hakuna haja ya kumweleza mkulima kwamba karafuu haina subira. Tumba likishaacha ukijani na kuanza wekundu, siku zake ni chache. Likichanua mtini, mwenye shamba amekwisha kupata hasara. Na mchumaji hapandi mti kwa ahadi. Ndiyo maana chama kikawa na mfuko wa kuchumia: mwanachama hukopa fedha za kuwalipa wachumaji, akiuza karafuu hurejesha kwa mafungu, na asiyemaliza marejesho ya msimu uliopita hapewi mkopo mpya.

Bibi mmoja mwenye shamba la urithi alikuja kutaka mkopo, na karafuu zake za upande mmoja wa shamba zilikuwa zimekwisha kuiva. Karani wa chumba cha ndani akatazama kompyuta, akamwambia kwa adabu, "Bi mkubwa, hapa naona marejesho mawili. Fungu la tatu bado."

"La tatu nimelipa, mwanangu. Nimelipa hapo dirishani kwa mkono wangu."

"Daftari halionyeshi, bi mkubwa."

Bibi hakubishana. Alifungua pindo la kanga yake akatoa stakabadhi tatu zilizokunjwa, akaziweka mezani moja baada ya moja. Ya tatu ilikuwa na muhuri wa chama na saini ya karani wa dirishani. Stakabadhi ilikuwa ya kweli, na daftari nalo hakuna aliyelichezea. Hapo ndipo tulipojua kwamba chama kina madaftari mawili.

Mambo yalianza hivi. Daftari letu hukaa katika kompyuta ya chumba cha ndani. Msimu huu tuliweka kompyuta ya pili dirishani, fundi akaziunganisha kwa waya, ili makarani wawili waandike katika daftari moja na watu wasipange foleni ndefu. Siku ya kwanza karani wa dirishani alilifungua daftari, akaona majina yote na hesabu zote, lakini kila alipotaka kuandika, herufi hazikuingia. Watu walikuwa wengi na jua kali. Kijana wa watu akafikiri upesi: akanakili daftari zima, akaiweka nakala katika kompyuta yake mwenyewe, akajaribu kuandika humo. Ikakubali. Alifurahi, na sisi tulifurahi. Hatuna budi kukiri kwamba tulimsifu.

Kwa siku tatu yeye aliandika katika nakala yake, na mwenzake wa ndani akaandika katika daftari lenyewe, kila mmoja akidhani mwenzake anaona anayoyaandika. Fungu la tatu la yule bibi lilikuwa limeandikwa vizuri kabisa, kwa tarehe na kwa namba ya stakabadhi, ila liliandikwa katika daftari ambalo chama hakilisomi.

Bibi alipewa mkopo wake siku ile ile kwa nguvu ya stakabadhi zake. Sisi tukafunga dirisha siku mbili kusawazisha madaftari.

KWA NINI HUKATAA

Programu tuitumiayo ni Microsoft Access, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1992. Faili zake tangu toleo la 2007 huishia kwa herufi accdb, na zile za zamani kwa herufi mdb. Watengenezaji wake wameandika kwamba faili moja laweza kuchukua hadi gigabaiti 2, na kwamba watu 255 waweza kuingia humo kwa wakati mmoja. Sisi hatujafika hata watano, na tayari tumegongana.

Jambo la kwanza ambalo karani apaswa kulijua ni kwamba daftari la namna hii si kitu kimoja. Lipo faili lenyewe, na faili hukaa ndani ya folda. Ndani ya faili mna majedwali, ambamo habari zenyewe huandikwa. Juu ya majedwali kuna maulizo, yaani amri za kukusanya habari kutoka majedwali na kuzionyesha kwa mpango fulani. Na juu ya hayo kuna fomu, yaani ule ukurasa wenye visanduku ambao karani huuona kila siku. Kila mmojawapo wa hao waweza kumkatalia karani asiandike, nao wote hukataa kwa sura inayofanana. Kazi ya kwanza basi ni kujua ni nani anayekataa.

Njia tunayoitumia sasa ni kushuka ngazi kwa ngazi. Fomu ikikataa, funga fomu ufungue jedwali lenyewe, ujaribu kubadili neno moja lisilo na madhara, kisha ulirudishe kama lilivyokuwa. Jedwali likikubali, mkosaji ni fomu au ulizo lililo chini yake. Jedwali nalo likikataa, jaribu jedwali jingine. Yote yakikataa, acha kulitazama daftari, kaitazame folda.

Katika shida yetu, yote yalikataa. Na tungalitazama ukanda wa juu wa daftari, tungaliona maneno ya Kiingereza "Read-Only", maana yake la kusomwa tu. Maneno hayo yalikuwapo tangu saa ya kwanza. Hakuna aliyeyasoma.

FOLDA NA MILANGO YAKE

Windows, ukiifungua folda ili kompyuta nyingine iione, kwa kawaida huanza kwa kuwapa wageni ruhusa ya kusoma tu. Si kosa la mtu, ni hadhari, na hadhari hiyo ni nzuri. Lakini hapo pana milango miwili, si mmoja. Mlango wa kwanza ni ruhusa ya kuijia folda kutoka kompyuta nyingine; wa pili ni ruhusa ya mafaili yenyewe, kila mtumiaji kwa jina lake. Mgeni hupita yote miwili, na ule ulio mwembamba zaidi ndio unaompima. Fundi wetu alikuwa amefungua wa pili wazi kabisa, akausahau wa kwanza. Karani wa ndani hakuona shida yoyote, kwa kuwa yeye hapiti mlango wa kwanza: amekaa ndani ya nyumba.

Na ndiyo maana nakala ilikubali. Ilipohamishwa kwenda kompyuta ya dirishani ilitoka katika folda yenye kizuizi, na kizuizi kikabaki nyuma. Nakala kukubali kuandikwa ilikuwa ni dalili ya wazi kwamba daftari ni zima na folda ndiyo inayozuia. Sisi tuliichukua dalili tukaifanya dawa.

Kuna jaribio moja jepesi ambalo kila karani aweza kulifanya bila fundi. Kutoka kompyuta inayokataliwa, ifungue folda ya daftari, ujaribu kutengeneza humo faili jipya tupu, hata la maneno ya kawaida. Ukikataliwa, usiguse daftari. Mwite mwenye folda. Ukikubaliwa, lifute faili hilo, urudi kutafuta kwingine.

Ruhusa hiyo ya kutengeneza na kufuta mafaili haihitajiwi kwa jaribio tu. Daftari la Access likifunguliwa kwa watu wengi, hutengeneza pembeni yake faili dogo lenye jina lile lile, lakini lenye kuishia kwa herufi laccdb. Faili hili ni kama bawabu aliyekaa mlangoni na karatasi, anaandika nani ameingia na nani anashika nini, na wa mwisho akitoka bawabu naye huondoka. Folda isiporuhusu kutengeneza faili, bawabu hana pa kukaa, na watu hawawezi kuandika pamoja kwa amani. Umeme ukikatika ghafla, na huku kwetu hukatika, bawabu aweza kubaki mlangoni ingawa nyumba ni tupu. Hapo hakikisha kwanza kwamba kila kompyuta imefunga daftari, hata ile ya bwana mweka hazina ambaye huiacha wazi akaenda kuswali; kisha faili hilo la laccdb laweza kufutwa. Lisifutwe kwa kubahatisha.

Mambo mengine ya faili twayapitia upesi. Daftari lililofunguliwa likiwa bado ndani ya furushi la zip, lililotumwa kwa barua pepe, halitaandikika mpaka litolewe humo kwanza na kuwekwa mahali pake. Faili laweza kuwa limetiwa alama ya kusomwa tu katika sifa zake. Alama hiyo huondolewa kwa kubofya mara moja. Na mtu akilifungua daftari kwa namna ya kulimiliki peke yake, wengine wote watafungiwa nje hadi atoke. Hilo la mwisho dawa yake ni kupaza sauti ukumbini.

Lakini jambo moja tunalikataza moja kwa moja katika matawi yote: daftari linaloandikwa na watu wengi lisiwekwe katika folda zile zinazojinakili zenyewe kwenda katika intaneti. Folda hizo zikiona mafaili mawili yanatofautiana, huweza kuyahifadhi yote mawili, kila moja kwa jina lake. Ni yale yale yaliyotupata, ila mashine ndiyo itakayoyafanya, tena bila kumwambia mtu.

FOMU NA MAULIZO

Tukiacha folda, ugonjwa unaoonekana mara nyingi zaidi matawini ni wa fomu. Kila fomu ina sifa zake, na mojawapo huitwa "Allow Edits", yaani kuruhusu masahihisho. Ikiandikwa hapana, fomu huonyesha kila kitu na haikubali kubadilishwa kitu. Ziko nyingine za namna hiyo kwa kuongeza na kwa kufuta. Kisanduku kimoja kimoja nacho chaweza kufungwa peke yake, kwa hiyo ukiona jina linaandikika na tarehe haiandikiki, usilaumu daftari zima.

Sifa moja ya fomu ilituletea simu ya usiku kutoka tawi moja. Karani alisema kwa sauti ya kutetemeka kwamba wanachama wote wamefutika, fomu ni tupu, hakuna hata jina moja. Tulimwuliza kama ameifungua jedwali. Hakuwa ameifungua. Alipoifungua, wanachama wote walikuwa wamekaa humo salama. Mtu alikuwa amebadili ile sifa iitwayo "Data Entry", ambayo hufanya fomu iwe ya kupokea habari mpya tu na isionyeshe za zamani. Tunamshukuru karani yule kwa sababu moja: kabla ya kupiga simu hakugusa kitu.

Sasa maulizo, na hapa tunaomba msomaji avumilie kidogo, maana hapa ndipo makarani wazuri hukasirika na kuidhania programu ubaya.

Tuseme karani ameliuliza daftari limwonyeshe kila mwanachama na jumla ya marejesho yake. Daftari humpa orodha safi: jina, na mbele ya jina shilingi 150,000. Karani ajua kwamba hesabu hiyo si sawa, inapasa iwe 140,000, kwa kuwa fungu moja liliandikwa 50,000 na mwanachama alileta 40,000. Anaweka alama yake juu ya 150,000, anaandika, na chini ya kioo yanatokea maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba orodha hii haiwezi kubadilishwa. Anajaribu tena. Anazima kompyuta, anaiwasha. Yale yale.

Lakini tuangalie amri aliyoitoa. Ile 150,000 haikuandikwa mahali popote katika daftari. Iliyoandikwa ni mistari mitatu katika jedwali la marejesho, kila mmoja na stakabadhi yake, na jumla ilitengenezwa wakati ule ule alipouliza. Kama daftari lingekubali kuipunguza jumla kwa shilingi 10,000, lingezitoa katika stakabadhi ipi? Ya kwanza, ya pili, au ya tatu? Halijui, na halithubutu kukisia. Ni kama kumwambia mpima karafuu apunguze kilo 10 katika mzigo uliokwisha kupimwa, bila kumwonyesha gunia. Karani aende katika jedwali la marejesho, aitafute stakabadhi yenye kosa, aisahihishe pale. Akiuliza tena, jumla itakuja yenyewe ikiwa sahihi.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila ulizo lenye kujumlisha au kuhesabu. Ni hivyo pia kwa ulizo lililoamriwa lisirudie jina mara mbili, kwa lile linalounganisha orodha mbili juu na chini zikawa moja, na kwa lile linalogeuza miezi ikawa vichwa vya safu. Kadhalika ukiweka majedwali mawili katika ulizo ukasahau kuonyesha yanaungana wapi, daftari humpa kila mwanachama stakabadhi za watu wote. Orodha hiyo huwa ndefu ajabu na haibadiliki, nasi twashukuru kwamba haibadiliki.

Fomu iliyojengwa juu ya ulizo la namna hiyo itakataa kuandikwa hata ukiandika ndiyo katika kila sifa yake. Mafundi wetu wapendao kuongeza jumla katika fomu ili ionekane nzuri wakumbuke hilo: jumla na iwekwe pembeni, ikusanywe peke yake, na fomu ibaki juu ya jedwali.

MENGINEYO

Jedwali lisilo na ufunguo wake wa msingi, yaani namba isiyojirudia inayotofautisha mstari na mstari, ni chanzo kingine. Ndani ya Access yenyewe laweza kuandikika, lakini likiwa limeunganishwa kutoka katika mashine kuu ya aina ya SQL Server, husomeka tu. Katika LibreOffice Base, programu isiyolipiwa ambayo baadhi ya matawi huitumia, jedwali lisilo na ufunguo halikubali kuandikwa kabisa. Sababu ni ile ile ya gunia: pakiwa na mistari miwili iliyo sawasawa, programu haijui umekusudia upi.

Tawi moja lilitulalamikia kwamba hesabu ya mikarafuu ya wanachama, iliyo katika jedwali la Excel na kuunganishwa na Access, haibadilishiki wakiwa ndani ya Access. Haitabadilishika, na hapa hakuna cha kutengeneza. Mwaka 2005, huko Marekani, mvumbuzi mmoja wa Guatemala aitwaye Carlos Armando Amado aliishinda Microsoft katika kesi ya hataza kuhusu namna ya kuunganisha programu hizo mbili, na uwezo wa kusahihisha Excel kutoka ndani ya Access ukaondolewa. Yaani karani wa kisiwani anakataliwa kuandika idadi ya mikarafuu kwa sababu ya kesi iliyokatwa ng'ambo ya bahari miaka mingi iliyopita. Dawa ni kusahihisha katika Excel yenyewe, au kuiingiza hesabu yote ndani ya Access ikawa jedwali lake.

Upo pia ule ukanda wa manjano unaotokea juu ya kioo kuonya kwamba baadhi ya mambo yamezuiwa kwa usalama. Hapo waweza kuandika kwa mkono kama kawaida, lakini maulizo ya kutenda, kwa mfano lile la kufunga hesabu za mwezi kwa mpigo mmoja, hayatafanya kazi. Kama daftari ni la chama na limetoka mahali pake, ruhusu. Kama limekuja kwa barua pepe kutoka kwa mtu usiyemtarajia, usiruhusu.

Na wawili wakishika mstari mmoja kwa wakati mmoja, daftari likiwa limepangwa kuufunga mstari unaoandikwa, pembeni mwa mstari anayeandika huona alama ya kalamu, na mwenzake huona duara lililokatwa kwa mstari. Asubiri. Hiyo si hitilafu.

Yako makatazo ambayo sisi wenyewe tumeyaweka, na hayo hatutayaondoa. Hesabu za msimu uliofungwa zimefungwa makusudi. Tumepata barua ikituomba tufundishe namna ya kuzifungua ili kosa dogo lisahihishwe. Tumekataa, na tutakataa tena. Kosa la msimu uliopita husahihishwa kwa mstari mpya wa msimu huu, wenye tarehe ya leo, sababu, na majina ya waliokubali, ili atakayekuja kukagua aone kosa na aone sahihisho. Hati yenye kosa lililosahihishwa waziwazi twaiamini kuliko hati safi isiyo na alama hata moja.

TULIVYOSAWAZISHA

Marejesho hayakutusumbua sana. Ufunguo wa jedwali lile ni namba ya stakabadhi, na dirisha lina kitabu chake cha stakabadhi na chumba cha ndani chake. Fundi alipoimwaga mistari ya nakala ndani ya daftari lenyewe, ile iliyokuwamo tayari ilikataliwa kwa kuwa namba zake zimekwisha kutumika, na mipya ikaingia. Hapo tulifurahi kukataliwa. Masahihisho yaliyofanywa juu ya mistari ya zamani hayakuwa na njia ya mkato. Makarani walikaa wawili wawili, mmoja akisoma nakala na mwenzake daftari, hata usiku.

Taabu kubwa ilikuwa kwa wanachama wapya. Namba ya uanachama hutolewa na programu yenyewe, moja baada ya nyingine. Nakala ilipokatwa, ilichukua pamoja nayo ile hesabu, na madaftari yote mawili yakaendelea kutoka namba moja. Kwa hiyo mtu aliyeandikishwa dirishani na mtu aliyeandikishwa ndani walipewa namba ile ile, kila mmoja na kadi yake, na malipo ya kiingilio ya mmoja yakataka kusomeka kwa jina la mwenzake. Walioandikishwa chumba cha ndani tumewaachia namba zao. Wa dirishani tumewapa mpya, na kila malipo tumeyahakikisha kwa stakabadhi ya karatasi.

Mlango wa folda umefunguliwa sasa, na majedwali yanakaa mahali pamoja katika kompyuta ya ndani. Kila kompyuta ina faili lake dogo la fomu tu, lililounganishwa na majedwali hayo, hata karani akilinakili hilo hatakuwa amenakili fedha za mtu. Nakala za akiba hukatwa jioni, watu wote wakiwa wametoka. Huwekwa kabatini zikiwa na tarehe, na hakuna aruhusiwaye kuandika ndani yake.

Karani ye yote atakayekuta daftari limekataa, naye hana fundi karibu, aandike kwa kalamu katika kitabu cha stakabadhi, awahudumie watu, na aingize katika kompyuta baadaye. Asikate nakala.

Wanachama walioandikishwa dirishani katika siku zile tatu, ambao kadi zao bado zina namba ya kwanza, wanaombwa kuja nazo ofisini pamoja na stakabadhi ya kiingilio kabla ya mikopo ya awamu ya pili kuanza kutolewa. Kadi mpya hutolewa hapo hapo, bila malipo.